Mashine Iliyoitwa Obiero

Mwili wa Obiero haujatoka hata mochari, nduguye Absalom alikuwa keshakalia kiti chake katika duka la uchapishaji kule Manyatta. Na kama vile kiti hakikumtosha, akaingia kwenye kompyuta kuu, ile inayotunza kazi zote za duka, akalifuta jina la marehemu na kubandika lake. Mashine iliyoitwa obiero ikawa absalom.

Fundi Griffins ndiye aliyeziunganisha kompyuta za duka, na ile kuu akaipa jina la bosi wake kwa heshima. Asubuhi alipoitwa, alimkuta mjane, Milka, amesimama mlangoni na kitambaa cheusi kichwani. Gari la maiti lilikuwa tayari kwa safari ya kwenda kuzika Awasi, na programu za mazishi hazijachapwa. Picha zote za marehemu zilikuwa kwenye kompyuta kuu, na hakuna kompyuta nyingine iliyoweza kuifikia.

"Fundi, mtandao wako umekufa," Absalom alisema. "Hii ndiyo hasara ya huo mfumo wako wa bure, Linux."

"Mtandao hauna neno, Mzee."

Griffins aliketi kwenye kompyuta nyingine, akaiita ile kuu kwa namba yake. Ikajibu papo hapo. Akaiita obiero. Kimya. Alikuwa amezipanga zitafutane kwa majina: moja inaita, yenye jina inaitika. Akaketi mbele ya kompyuta kuu yenyewe, na kila amri aliyoandika ilijibiwa kwanza na lalamiko kwamba huyo absalom hajulikani. Jina lilikuwa limebadilishwa mahali pamoja tu. Katika faili ya majina ya kompyuta hiyo, lile la zamani lilikuwa bado limekaa.

"Nani amegusa jina?"

"Mimi. Kuna ubaya? Tutaita maiti kila siku?"

"Ungengoja basi azikwe, Mzee. Hata kaburi halijamaliza kuchimbwa."

Lorine, msichana wa mashine ya kuchapa, alikohoa kuficha kicheko.

"Omera, ndugu, chunga mdomo!" Absalom alifoka. "Andika absalom kwenye kompyuta zote, mambo yaishe. Ukikataa, leo ndiyo mwisho wako hapa."

Haikuwa kazi ngumu, na Griffins alijua. Alijua pia kwamba kodi ya chumba chake na chakula cha wadogo zake vilitoka duka hili. Lakini vidole vilikataa. Akarudisha obiero mahali pale, akawasha upya ile huduma ya majina, akaita tena. Ikaitika. Kwenye skrini ya Lorine, Obiero akatokea na suti yake ya buluu, anacheka.

Mashine ikaanza kutema karatasi. Milka aliichukua ya kwanza, akaipapasa ile picha kwa kidole gumba, machozi yakimtoka.

"Toka," Absalom alimwambia Griffins.

Griffins alimtazama Milka. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha kumbakiza kazini.

Milka aliikunja programu, akaitia mkobani.

"Nyathina," alisema bila kumwangalia, "mwanangu, mpe shemeji neno la siri la hiyo kompyuta. Duka na nyumba ni vyake sasa, na mimi nitaendelea kuishi nyumbani humo."

Griffins akaliandika kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi iliyoharibika, akaiweka mezani. Nje watu walikuwa wanasongamana kupanda gari la Awasi. Hakuna aliyemwambia kuna nafasi.