Mukamugema wa Keshero

Chukudu ya kaka yangu Kamate, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ilizoea kubeba viazi. Asubuhi ile ya Julai 1994 ilibeba mama yetu, Kasoki, amefungwa kwa kitenge asidondoke kwenye mawe ya volkeno. Mimi nilikimbia pembeni nikimfundisha jina.

"Wakikuuliza, wewe ni Mukamugema. Umetoka Ruhengeri, ng'ambo ya mpaka."

"Ruhengeri sijafika hata siku moja."

"Leo umetoka kule, mama. Tena kwa miguu. Ndiyo maana umechoka."

Alicheka. Kipindupindu kilikuwa kimemkausha midomo ikapasuka, lakini alicheka.

Tulikuwa tumetoka hospitali ya serikali. Muuguzi Paulin, aliyesahau rangi ya mshahara, alitufungulia kabati la dawa tujionee wenyewe. Ndani mlikuwa na ufagio.

"Inchi iko na deni kwa mabanki ya inje," alisema. "Hawatukopeshe tena. Serumu haikuye."

Mama, aliyelipa ushuru wa soko kila asubuhi kwa meza yake ya maharage, alimkazia macho.

"Papa, mimi nilikopa lini?"

Paulin aliufunga mlango wa kabati taratibu, kana kwamba kuna kitu kingemwagika. Kisha akanong'ona kwamba kule Keshero, kwenye mahema ya wakimbizi, serumu, yale maji ya kutundikwa mshipani, zipo.

Za wakimbizi. Sisi tulikuwa wenyeji. Hapo ndipo akili yangu ya utani ilipopata kazi.

Hemani mama alitamka jina lake jipya vizuri kuliko mimi. Wakamtundikia serumu. Alipogeuza kichwa, aliona paa letu la bati kupitia mlango wa turubai.

"Ona, Léonie. Mimi mkimbizi, na nyumba yangu naiona."

"Usilalamike, wenzako wametembea zaidi yako."

Tukacheka kidogo. Lakini maji yaliingia mwilini mwake kama mvua inayofika shamba limeshaungua. Kabla jua halijazama, alikuwa amekwenda.

Vijana wa lori la maiti waliuliza jina. Nyuma yangu jirani yetu Ernestine alikuwa amempakata mtoto wake mgonjwa, akisubiri zamu na jina jingine nililomchagulia mimi. Nikamtazama mtoto yule; nikisema kweli, naye wangemfukuza.

"Mukamugema," nikasema. "Wa Ruhengeri."

Lori likaondoka. Ernestine akafika mbele ya muuguzi wa hemani, akakwama: jina limempotea. Muuguzi akamshika bega.

"Mama, sema jina yako tu. Mutu akiwa mugonjwa, tunamutunza. Hatuulizi anatoka wapi."

Nilitoka mbio kulifuata lori. Barabara ya Mugunga ilijaa malori, yote yamefunikwa, yote yanafanana.

Kila Siku ya Marehemu nampa padri majina mawili ya kuombea, Kasoki na Mukamugema. Yeye hudhani ni watu wawili. Mwaka jana aliniuliza huyu Mukamugema alikuwa nani kwangu.

"Mkimbizi, padri," nikamwambia. "Alikuwa na nyumba hapa Keshero."