Magongo Mlangoni

"Magongo yabaki nje," mpiga picha wa hospitali alisema. "Sumaku ya mashine hii haina adabu. Itayanyakua."

Mama aliyaegemeza mlangoni. Bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiberiti kwa jinsi alivyowaka kwenye mbio za shule, alilazwa kwenye kitanda kisicho na chuma.

"Usitikisike, mwanangu. Picha itaharibika."

"Mama, anayetikisika ni wewe."

Ni kweli. Mlango ulipofungwa na mashine ikaanza kugonga kama mafundi bati, mama alitetemeka kwenye benchi la korido akiomba kwa sauti. Tangu goti la mtoto livimbe, ombi lake lilikuwa moja: isiwe saratani. Hakuongeza lingine, asije akaonekana mlafi mbele za Mungu.

Mpiga picha alimsikia. Kwa utaratibu, majibu hutolewa na daktari. Lakini huruma ilimshika. Kazi ilipokwisha alimtoa Kiberiti kwa kitanda chake hadi kwenye korido, akamwinamia mama.

"Tulia, mama. Uvimbe upo, ila si saratani. Mengine utaambiwa na daktari. Ngoja nimwite."

Mama hakusikia hayo mengine. Alilia, akacheka, akainua mikono juu.

"Inuka, mwanangu! Tumshukuru Mungu tukiwa tumesimama!"

"Na magongo?"

"Ya nini tena? Waachie wagonjwa."

Kiberiti alicheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Haya, nipishe basi, nisije nikakupita kwa mbio."

Alishuka kitandani, akapiga hatua, akapiga nyingine. Kilisikika kitu kidogo, kama ganda la yai likipasuka, naye akaanguka akipiga ukelele.

Daktari, akiongozwa na mpiga picha, aliwakuta sakafuni. Alikuwa anakuja kuwaambia kwamba uvimbe umeula mfupa kwa ndani, umebaki utando tu, na mtoto asikanyagie mguu huo hata kidogo mpaka apasuliwe. Aliugusa mguu.

"Goti hili tungeliokoa," alisema. "Sasa mfupa umevunjika hadi ndani ya kiungo. Sidhani kama litakunjika tena."

Mpiga picha alitazama ukuta.

"Lakini si saratani?" mama aliuliza.

"Si saratani."

Mama alifumbua midomo ashukuru. Neno halikuja.

"Mama," Kiberiti alisema, macho yakiwa mlangoni. "Niletee magongo yangu."