Wanyweshe

Neno lenyewe lilikuwa "wanyweshe," na Ruweyda alilitamka mguu mmoja ukiwa nje, akikimbilia kikao chuoni. Haraka haina baraka. Alimwonyesha mjomba wake, Abti Warsame, chupa ya maji ya kijani yenye mwani, chakula chao, akamwambia adhuhuri awanyweshe chaza. Mzee akaitikia. Tangu lini mfuga ngamia akafundishwa kunywesha?

Watu wa mtaa wa Galbet walimcheka Ruweyda kwa kulea chaza mbali na bahari. Lakini yeye alitaka kujua kama shiba huwasaidia watoto wa chaza kuhimili joto na misukosuko mingine, na joto ndicho kitu Garissa inachogawa bure. Aliwaweka katika kibanda alichopewa na chuo, kwenye mabeseni mawili ya maji ya chumvi yaliyoletwa kutoka Lamu. Wa beseni la kwanza aliwashibisha mwani. Wa beseni la pili aliwalambisha kidogo tu. Chaza waliowatangulia hawa walikufa wote. Hawa nao wakifa, chuo kingefunga kibanda na utafiti wake ungeishia hapo.

Aliporudi, chupa ilikuwa imejaa vilevile. Mabeseni yalikuwa yamefurika, na kando palikuwa na ndoo tupu ya kisimani.

Maji yasiyo na chumvi huua chaza. Mzee alieleza, bila kuona kosa, kwamba jua lilikuwa kali, akawanywesha wote sawasawa.

Chaza wote walikuwa wamefunga maganda. Hiyo ndiyo bahati iliyobaki, maana chaza akiyakataa maji hujifungia. Ruweyda aliyamwaga maji ya kisima, akatia maji ya bahari ya akiba, wakakaa wakisubiri.

Alasiri maganda yakaanza kufunguka, kote kuwili. Warsame akasema alhamdulillahi. Ruweyda alijua kwamba hata chaza aliyekufa hufunguka. Alimgusa mmoja wa walioshiba, akajifunga pap. Mwingine, pap. Akahamia kwa wenye njaa. Akagusa, akagusa tena. Hakuna aliyejifunga.

"Umewaua, abti," alisema.

Mzee akanyoosha kidole kwenye mabeseni.

"Maji nilimwaga kwa wote," alisema. "Ile ya shiba iko hai. Hii imekufa na njaa, na njaa si mimi nilileta."

Kibanda hakingefungwa, na jibu alilolitafuta mwaka mzima lilikuwa mbele yake: aliyeshiba ndiye anayehimili. Ruweyda aliwamiminia mwani waliobaki hai. Hakuweza kumtazama mjomba wake usoni.