Siti ya Nyuma ya Celica

Roza alifungua mlango wa gari kwenye maegesho ya kiwanda, akatupa mkoba wake nyuma kama kawaida, na mkoba ukalia juu ya bati tupu. Akageuka. Siti ya nyuma haikuwepo. Hata zulia lilikuwa limeng'olewa. Yalibaki matundu ya boliti na nyaya chache zilizofungwa kwa utepe mweusi.

Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Kazi yake ilikuwa kukagua ubora wa minofu ya sangara, na miguu yake ilikuwa bado na ganzi kwa kusimama saa nyingi kwenye chumba cha baridi. Mama yake alikuwa kwenye basi kutoka Shirati, anakuja Mwanza kutibiwa magoti, na muda si mrefu angeshuka stendi ya Buzuruga.

Mtu mmoja tu alikuwa na ufunguo mwingine wa gari lile. Roza akampigia mdogo wake.

"Okeyo, siti iko wapi?"

"Umeona eh!" Sauti ya Okeyo ilijaa furaha. "Nilipita hapo asubuhi nikalipeleka gereji mara moja, nikalirudisha. Dada, limekuwa jepesi huwezi kuamini. Ukiligusa tu linaruka."

"Nimekuuliza siti iko wapi. Mama anashuka Buzuruga sasa hivi."

"Si kuna siti ya mbele?"

Roza alikata simu kabla hajasema neno ambalo angelijutia.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Celica nyekundu ya milango miwili, kuukuu, karibu rika moja na Okeyo, lakini injini yake ilikuwa nzima. Walikuwa wamelinunua pamoja kwa daktari mmoja aliyehamia Dodoma. Roza alichoka kugombea usafiri alfajiri. Okeyo, ambaye alikuwa fundi wa majokofu, tangu utoto alikuwa na ndoto moja tu, kushindana kwa gari. Wakakubaliana kwamba siku za kazi gari ni la Roza, mwisho wa wiki ni la Okeyo, na chochote kitakachobadilishwa kifae barabarani na kwenye mashindano vilevile.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Walianza na breki, diski kubwa na pedi ngumu zaidi, kisha tairi pana. Roza alizipenda zile breki. Alikuwa akishuka mlima wa Bugando mvua inanyesha, anakanyaga, na gari linatulia kama limeshikwa mkono. Alifikia hatua ya kuwasimulia wenzake kazini, watu ambao hawakuwa na habari kabisa na diski wala pedi.

Kisha siku moja alikuta gari limeshushwa. Springi za zamani zilikuwa zimetolewa na mahali pake zimewekwa fupi, ngumu, zile ambazo fundi anaweza kuzikaza au kuzilegeza. Kuanzia hapo kila tuta la barabarani lilikuwa shughuli. Roza alijifunza kuyapita kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, bodaboda nyuma yake wakipiga honi na kucheka. Halafu ikaja siti ya dereva, ya mashindano, iliyofungwa kwa boliti kwenye sakafu kwa kipimo cha miguu ya Okeyo. Okeyo alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme. Roza alilazimika kuweka mto wa kochi mgongoni ili mguu wake ufike kwenye klachi. Yote hayo aliyakuta yameshafanyika. Na sasa siti ya nyuma.

Pale Buzuruga mama yao alilitazama gari, akamtazama Roza, akaweka chini mfuko wake wa unga wa mtama.

"Naingiaje humo?"

"Geuka, Mama. Kaa kwanza, halafu uvute miguu."

Alikaa, lakini siti ilikuwa chini kuliko alivyotarajia, akadondoka kwa kishindo. Kuivuta miguu ndani kulimtoa machozi. Njia nzima ya kwenda nyumbani Nyasaka alishika dashibodi kwa mikono miwili, na kila shimo alisema "Nyasaye!" kwa sauti ndogo, akimwita Mungu kwa Kijaluo. Kuku aliyekuja naye alikuwa nyuma, juu ya bati, akiteleza huku na huku kila kona. Nyumbani ilibidi jirani aje kusaidia kumtoa mama garini.

"Kesho," mama akasema akijifuta jasho, "nitapanda bajaji."

"Mama, gari lipo."

"Hilo si gari la mtu mwenye magoti."

Roza alibishana naye hadi wakati wa kula, lakini mama hakubadili neno. Asubuhi yake akapanda bajaji kwenda hospitali, akakaa nyuma kwa nafasi, amenyoosha miguu, khanga yake ikipepea. Roza alifuata nyuma peke yake. Bajaji ilipita matuta kwa kuyumba tu kidogo. Celica iliyakwaruza yote kwa tumbo, na kwenye tuta moja karibu na soko, mwuza machungwa alisimama akaweka mikono kichwani kumwonea huruma. Bajaji ikampoteza. Alipofika hospitali, mama alikuwa ameshakaa kwenye foleni na amepata rafiki.

Mchana, baada ya kumrudisha mama nyumbani, kwa bajaji ileile, Roza alikwenda moja kwa moja gereji. Gereji ilikuwa ya fundi Mhoja, Msukuma wa makamo mwenye sauti nzito, nyuma ya stendi ya Buzuruga. Kitu cha kwanza alichokiona ni siti yake. Ilikuwa imewekwa chini ya turubai, imeegemezwa ukutani, na juu yake walikaa wateja watatu wakisubiri magari yao. Mmoja alikuwa amelala mdomo wazi.

Okeyo alikuwepo, ameinama kwenye beseni la mafuta akisafisha boliti.

"Shikamoo fundi," Roza akasema.

"Marahaba, dada Roza. Karibu."

"Sijaja kukaa. Nimefuata siti yangu."

Mhoja akajifuta mikono. "Mimi nikiambiwa toa, natoa."

"Na mimi nikikuambia rudisha?"

Mhoja akamtazama Okeyo. Alikuwa akingoja ruhusa. Jicho lile lilimuuma Roza kuliko matuta yote ya Mwanza.

"Dada, Jumapili ndiyo mashindano," Okeyo akasema. "Jumapili ikipita narudisha kila kitu. Naomba Jumapili tu."

"Ulishindwa nini kuniambia?"

"Nilijua utakuwa na haraka ya kazi."

Hata yule mteja aliyelala alikuwa ameamka, wote watatu wanasikiliza. Roza aliona aibu kugombea kochi mbele ya watu.

"Sawa," akasema. "Na mimi nitakuja hiyo Jumapili. Nusu ya hilo gari ni yangu. Nataka nione linafanya nini."

Mashindano yalifanyika kwenye kiwanda cha pamba kilichofungwa zamani, njia ya kwenda Magu. Barabara ya lami iliyozunguka maghala, ambako malori yalikuwa yakipanga foleni na marobota, ndiyo iliyogeuzwa uwanja. Magari yalikimbia moja moja kwa kushindana na saa. Lami yenyewe ilikuwa imezibwa viraka kila mahali, na kwenye kona ya ghala la mwisho mizizi ilikuwa imeinua ardhi.

Roza alisimama nyuma ya kamba na watu wengine. Okeyo alipoondoka, sauti ya ekzosi ilimpiga kifuani, na kwa kweli moyo wake ulishtuka kwa raha. Lakini raha haikudumu. Gari lilikuwa linadunda. Kila kiraka kililirusha, na kwenye ile kona ya mizizi aliona tairi za nyuma zikiachia lami kabisa, gari likienda pembeni hatua kadhaa kabla ya kushika tena. Okeyo alirudi na muda mbaya, karibu wa mwisho.

Roza akamfuata kabla hajavua helmeti.

"Linaruka. Kule kwenye kona tairi za nyuma zinapaa. Mimi nalijua, hunifanyia hivyohivyo kila siku pale Nyakato. Mwambie fundi alegeze springi."

"Dada, hii si barabara ya kwenda kazini."

"Ina viraka kuliko barabara ya kwenda kazini!"

Okeyo akamgeukia Mhoja, aliyekuja na vifaa vyake. Mhoja akachuchumaa, akapiga tairi kwa kiganja. "Gari la mashindano hukazwa," akasema. "Halilegezwi."

Wakaleta spana, wakazikaza zaidi. Roza alisimama pale jua la mchana likimchoma utosini, anatazama watu wawili anaowajua wakifanya kinyume kabisa cha alichosema, mbele ya macho yake, kwa bidii. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

Mzunguko wa pili haukuisha. Kwenye kona ileile gari liliruka, na lilipotua lilikuwa linatazama upande mwingine. Likazunguka, likapita nyasi, likaingia kwa pua kwenye rundo la tairi kuukuu na tuta la udongo. Mvuke mweupe ukapanda.

Roza hakukumbuka alivyoruka kamba. Alimkuta Okeyo ameshafungua mlango, anajipapasa mikono.

"Umeumia? Shingo? Geuza shingo nione."

"Sijaumia."

Alimshika mashavu, akamtazama macho yote mawili. Alipohakikisha kweli ni mzima, akamwachia na kumpiga begani kwa mkoba.

"Dada!"

"Nimekuambia! Nimekuambia linaruka, nimesimama hapa nimekuambia!"

Bampa lilikuwa limepasuka vipande viwili, maji ya rejeta yakimwagika ardhini. Waandaaji walikuja, wakaona hakuna aliyejeruhiwa, wakawaomba wasubiri lori la kuvuta. Mhoja alisogea mbali, akajifanya anakagua tairi za gari la mtu mwingine. Okeyo akakaa kwenye udongo, helmeti mapajani.

"Ningekuuliza ungekataa," akasema. "Springi ungekataa. Siti ungekataa."

"Breki nilikataa?"

Okeyo akaigeuza helmeti mapajani.

"Tairi nilikataa? Nani alikwenda kuzichagua na wewe, mvua inatunyeshea? Huna hata siku moja uliyoniuliza nikakataa, Okeyo. Huniulizi. Unaamua kwamba nitakataa, halafu unakasirika kwa jibu ambalo sijatoa. Mama mzima anapanda bajaji na sisi tuna gari!"

Watu waliokuwa karibu walijitia kutazama mashindano. Okeyo alikuwa anachimba udongo kwa kidole.

"Ni kweli," akasema mwishowe. "Sijui kwa nini nafanya hivyo."

Halikuwa jibu la kumridhisha mtu. Lakini lilikuwa la kweli, na Roza akakaa chini karibu naye, bado ana hasira, wakangoja lori.

Baada ya hapo zikafuata wiki za tabu. Rejeta iliyoagizwa Dar ilifika ikiwa si yenyewe. Ya pili ilikuwa yenyewe, ila ilifika na sikio moja la kufungia boliti limevunjika. Roza alikwenda kazini kwa bodaboda, akifika ana vumbi hadi kwenye nyusi, huku wenzake wakimuuliza lile gari lake la breki nzuri liko wapi. Mama alichomwa sindano za magoti, akapata nafuu, akarudi Shirati kabla Celica haijawaka.

Gari lilipokuwa tayari kuunganishwa, Roza aliomba ruhusa kazini, akaenda kukaa gereji mchana kutwa. Alisema anachotaka: springi zilegezwe na gari linyanyuliwe, siti ya dereva iwekwe juu ya reli iweze kusogezwa, na siti ya nyuma irudi. Mhoja alibisha kila neno. Alisema watu watamcheka, watasema gari la mashindano limetoka kwake likiwa laini kama godoro. Okeyo, naye, alinuna na kupinga habari ya springi karibu saa nzima. Lakini safari hii alibisha na Roza mwenyewe, uso kwa uso, na mwisho akasema, "Haya, tujaribu hivyo." Siti ya nyuma ilirudi na doa la oili na tundu la sigara.

Kwenye mashindano yaliyofuata gari halikuruka. Okeyo alimaliza katikati ya orodha, akashindwa na mzee mmoja mwenye kigari cha Starlet, na njia nzima ya kurudi alilalamika kuhusu yule mzee.

Jumatatu yake Roza alikuwa kazini, amevaa glavu na barakoa, ameshika kipimajoto ndani ya mnofu, simu ikaita mfukoni. Akavua glavu.

"Dada, naomba kukuuliza. Kile kifuniko cha betri, tukipake rangi au tukiache?"

"Kiache."

Hata hajarudi mezani, ikaita tena. Safari hii ilikuwa boliti za bampa. Akajibu, akanawa, akavaa glavu nyingine, na mkuu wa zamu akaanza kumwangalia. Ikaita mara ya tatu.

"Okeyo, niko kazini!"

"Najua, dada, samahani. Ni usukani tu. Fundi anao mdogo kidogo kuliko wetu, wa ngozi. Kwenye kona utakuwa mwepesi, ila kuegesha utakuwa mgumu. Wewe unasemaje?"

Roza alifungua mdomo amfokee. Kisha akasimama pale kwenye baridi, glavu mkononi, anafikiria usukani wa ngozi.

"Usiufunge," akasema. "Nitapita jioni niushike kwanza."