Viti vya Kumkalisha Karani

Ukame ulipoingia mwaka wa pili, mfinyanzi alikuwa na miezi saba hajachoma chungu. Udongo bila maji ni vumbi tu. Mbuzi walikwisha kufa, na wanawe watatu walikula mara moja kwa siku. Basi aliposikia karani atapita nyumba kwa nyumba kuandika kaya za kupewa ruzuku, moyo ulimtulia kidogo.

Asubuhi ya siku hiyo wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alifika na viti vinne, meza ya kioo na redio.

"Wifi, utamkalisha mgeni kwenye ndoo kama mkamua mbuzi, na mbuzi wenyewe huna?"

"Na kwako atakaa wapi?"

"Mimi nitajua. Wewe usimtie aibu kaka yangu kaburini."

Mfinyanzi alishukuru mpaka machozi yakamlenga. Akanyunyiza maji ya mwisho ya mtungini kwenye sakafu ya udongo ili vumbi litulie. Karani akaketi, akasifu usafi, akabonyezabonyeza kishikwambi chake, akaenda nyumba ya pili, kwa wifi. Jioni wifi akachukua vitu vyake.

Wiki tatu baadaye orodha ilisomwa kwenye uwanja wa shule. Wifi, ambaye mumewe dereva humtumia pesa kila mwezi, alikuwamo. Mfinyanzi hakuwamo. Alingoja watu wapungue, akamfuata karani.

"Mama, kwako niliandika viti, meza ya kioo, redio. Kwa jirani yako nilikuta mkeka mtupu."

"Vilikuwa vya kuazima, mwanangu."

"Mimi naandika ninachokiona. Ngoja hesabu ya mwakani."

Njia nzima alimtetea wifi yake moyoni. Pengine hakujua. Nani angejua?

Alasiri wifi akaja na kibakuli cha unga.

"Usilie, wifi yangu, nitakumegea kila mwezi. Nilisikia wanahesabu vitu vya ndani, lakini sikudhani watakukata kabisa."

"Ulisikia lini?"

Wifi akatazama unga wake.

"Karibu ukae," mfinyanzi akasema taratibu.

"Nikae wapi?"

Akamwonyesha sakafuni. Miguu ya viti ilikuwa imezama siku ile kwenye udongo mbichi, na sasa vishimo kumi na sita vilikuwa vimekauka, vigumu kama chungu kilichochomwa.

"Hapo hapo ulipoviweka, wifi. Chagua."