Nyungunyungu Ndani ya Kifusi

Siku ile dada Seon-ok alikuwa hakaliki. Wakaguzi wa mradi wetu walikuwa wanakuja kesho yake, naye tangu asubuhi alizunguka tu maabara, anagusa hiki, anaacha kile, kahawa imepoa mezani. Mimi, Ma Dong-gyu, msaidizi wake, nilikuwa namkagua nyungunyungu.

Ndivyo tulivyoiita roboti yetu: bomba la mpira laini lililotambaa kwa kujivuta na kujibana, likisukumwa na hewa, kama nyungunyungu wa shambani. Ngozi yake ilikuwa kazi ya dada Seon-ok. Ndani yake alipitisha nyaya za metali ya majimaji, zimejisokota kama vile vikono ambavyo mmea wa maboga hushikia uzio, ili mpira ukivutwa zinyooke zisikatike. Kwa nyaya hizo nyungunyungu alihisi joto na mguso.

Kabla ya chakula cha mchana simu yangu ikaleta habari. Jengo la zamani la bafu la umma lililokuwa likibomolewa pembeni mwa jiji letu la Daejeon lilikuwa limeporomoka, na dereva wa mashine ya kubomolea, Bwana Gil, hajulikani alipo. Kuinua macho, dada Seon-ok ameshafungua sanduku la kumbebea nyungunyungu.

"Dada, kesho wakaguzi!"

"Kwani nimesahau? Beba pampu."

Afande Tak, mkuu wa zimamoto, alitupokea kwenye kifusi kwa kumkodolea macho nyungunyungu. "Mmeniletea soseji?"

"Soseji inayopita mahali mbwa wako wa kunusa asipopita," dada akamjibu.

Akacheka kidogo, kisha akatueleza. Palikuwa na mahali pawili pa kuchimba: chumba cha boila, ule mtambo wa kuchemshia maji, kule chini, na upande wa ngazi. Kifusi kilikuwa bado kinacheza, kwa hiyo vijana wake wangeanza upande mmoja tu, na kila upande ungekula saa nyingi.

"Yuko kwenye boila," alisema mke wa Bwana Gil, aliyekuja mbio na ndala za nyumbani. "Kila siku anakula huko. Chakula namfungia mimi!"

Tukamwingiza nyungunyungu kwenye ufa. Mimi nilishika pampu, dada akashika skrini. Nyungunyungu alitambaa vizuri mpaka kwenye kona moja ambapo ukuta ulikuwa umelalia ukuta mwenzake, ukabaki upenyo mwembamba mno. Kupita hapo, ngozi ingevutika kuliko tulivyowahi kuijaribu.

"Atakatika, dada."

"Mvute apite."

Akapita. Lakini kwenye skrini mistari ya ubavu wa kushoto ikacheza, ikazimika mmoja baada ya mwingine. Alipofika chumba cha boila, mistari iliyobaki ilionyesha baridi tupu.

"Hamna mtu," nikasema.

"Au hatumwoni. Ubavu wote wa kushoto umekufa."

"Nipe jibu, binti," Afande Tak akasema.

"Mpira huo unajua nini?" mke wa Bwana Gil akapaza sauti. "Chimbeni kwenye boila!"

Dada akachuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena. "Mpindue," akaniambia. "Ubavu ulio hai ndio uguse kuta. Tunazunguka chumba chote upya."

Nikampindua. Akatambaa taratibu akipapasa ukuta, sakafu, boila lenyewe, kitu kama kiti kilichoanguka. Kote baridi. Dada alinifanya nirudie kona mbili.

"Hayumo," akasema.

"Una hakika?" Afande Tak akauliza.

Dada akapitisha kidole kwenye mistari ya skrini. "Chimbeni upande wa ngazi."

Yule mama akamshika mkono wa koti. "Akifa, ni wewe! Umesikia? Ni wewe!"

Basi, kuanzia hapo dada alitembea kutoka gari la zimamoto hadi kwenye utepe wa kuzuia watu, na kurudi, na kurudi. Mtu alimpa kimbap, wali uliofungwa kwa mwani. Akaishika tu mkononi mpaka wali ukaanza kumwagika. Nilipomvuta nyungunyungu kutoka, akakatikia kwenye ile kona, nikabaki na nusu. Nilimwonyesha, wala hakuitazama.

Jua likiwa bado halijazama, vijana wakapiga kelele. Bwana Gil alikuwa chini ya ngazi, mguu umevunjika, anatukana kila aliyemgusa. Watu wakashangilia. Mkewe alitupita mbio kama hatupo.

Garini nikajaribu mzaha. "Kesho tutawaonyesha wakaguzi mkia."

"Na kama ningekosea?"

"Hukukosea, dada."

"Sikuulizi hivyo. Nakuuliza, kama ningekosea?"

Nikaendelea kuendesha. Aliuliza tena tulipofika kwenye mashamba ya mpunga, kisha akaniambia nisimamishe gari. Akashuka, akaanza kutembea kwa haraka kando ya barabara, mikono mifukoni. Nikawasha taa za tahadhari, nikamfuata nyuma polepole.