Siku Waliyobeba Glasi Zao

Haji Bustami hakumtambua. Aliingia mkahawani asubuhi ya kwanza Ruwaida alipoufungua ukiwa wake, akavuta kiti alichokalia miaka yote, pale katikati chini ya feni, akatazama huku na huku kama mtu anayekagua shamba lake.

"Kumbe ndiwe uliyeununua mkahawa kwa watoto wa marehemu Razali," alisema. "Mwanamke achuje kahawa Blang Mee. Haya, tumeishi tumeona. Wa wapi wewe, binti?"

"Nimetoka Medan, Haji."

"Na huko Medan wanajua kahawa, au wanajua kuchemsha maji tu?"

"Onja kwanza, ndipo unitukane."

Wanaume mezani wakacheka, na Bustami akacheka nao, maana alipenda utani. Ruwaida aliinua chujio la kitambaa juu ya kichwa chake, akaiacha kahawa ya milima ya Tangse ishuke kwa uzi mrefu mweusi hadi kwenye kopo, akarudia mara ya pili na ya tatu mpaka povu likapanda. Akamimina nusu glasi, kama wapendavyo wanaume wa wilaya ile ya Pidie, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

Bustami akaonja, akafumba macho. "Sina neno," alisema. "Umetuweza."

"Karibu kila siku, Haji," alimjibu, na alimaanisha.

Pale Blang Mee, mji mdogo huko Aceh, mwanamume akikosekana mkahawani siku mbili, siku ya tatu watu humwendea nyumbani kuuliza ana homa gani. Mkahawani ndipo bei ya mpunga ilipojulikana, ndipo posa zilipoanzia, na ndugu waliogombania mpaka wa shamba walikalishwa pale mpaka wapeane mikono. Mtu aliweza kuwa na nyumba, mke na ng'ombe wawili, lakini kama hakuwa na meza mkahawani, hakuwa na mji.

Manaf, baba yake Ruwaida, alikuwa na meza. Alikuwa fundi redio, mpole, asiye na ndugu wala mtoto wa kiume, na kila asubuhi alikaa na wenzake tisa. Vita vya waasi na jeshi vilipopamba moto, askari wa kambi walimwita akawatengenezee redio yao. Wakati ule hakuna aliyeitwa kambini akasema hana nafasi. Alikwenda, akaitengeneza, akarudi. Wiki mbili baadaye vijana watatu wa mjini walikamatwa wakiwa wamejificha kwenye kibanda cha shamba la duriani, na hawakuonekana tena. Mtu alikuwa amewataja.

Asubuhi iliyofuata Bustami, ambaye enzi hizo aliuza tumbaku, aliweka glasi yake chini akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani ni nani hapa aliyeingia kambini na mfuko wa vifaa?"

Ruwaida alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa mlangoni, amemletea baba yake miwani aliyoisahau nyumbani, na aliona yote. Hakuna aliyetukana wala kupandisha sauti. Bustami alisimama, akabeba glasi yake, akahamia meza ya pili. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kila mtu na glasi yake mkononi. Wa mwisho alikuwa Leman, aliyesoma madrasa moja na Manaf. Alisita, akatazama sakafu, halafu naye akaibeba ya kwake. Manaf akabaki na meza ya watu kumi peke yake.

"Nikiacha kwenda, watasema ni kweli," alimwambia mkewe. Kwa hiyo alikwenda kila asubuhi, miezi kumi na mmoja. Alikaa, akanywa, akatoka, bila mtu wa kumrudishia salamu. Redio mbovu hazikuletwa tena. Hakupigwa risasi wala hakushikwa na ugonjwa wenye jina. Alinyauka tu. Alizikwa na watu sita, wawili kati yao wapita njia. Mama yake Ruwaida akafunga virago, wakaenda Medan kwa dada yake.

Huko Ruwaida alikua, akajifunza kukaanga kahawa, akaposwa mara mbili, akakataa mara mbili. Kichwani mwake kulikuwa na shughuli nyingine. Amani ilipokuja, na watu walipoanza kusema mambo ambayo zamani yangewaua, alianza kuwatafuta waliowahi kufanya kazi katika kambi ile. Ilimchukua miaka. Mwishoni alimpata mpishi wa kambi, bibi wa kabila la Batak aitwaye Mak Tiur, anauza samaki wakavu soko la pembezoni mwa Medan. Ruwaida alimwomba aseme simu ikirekodi, naye akasema bila kuficha, maana hakuwa tena na wa kumwogopa.

Siku ileile aliamua kuununua mkahawa.

Hakuwa na haraka. Kwa miezi saba alimhudumia Bustami kuliko alivyowahi kumhudumia mtu yeyote. Alijua sukari yake, alijua yai lake linavyotakiwa kuchemshwa nusu na kunyunyiziwa pilipili manga, na wali wake wa kunata uliochomwa kwenye jani la mgomba aliuweka kando kabla haujaisha. Bustami akawa anakuja mara mbili, kisha mara tatu kwa siku. Alikuwa anagombea ukuu wa mji, na kampeni yake yote ilikuwa kwenye kiti kile. Watu walimzunguka, akawachekesha, akaamua kesi zao. Ruwaida alimtazama kutoka nyuma ya mvuke wa birika. Alitaka kiti kile kiote mizizi mwilini mwake kwanza, ndipo aking'oe.

Ilipobaki wiki moja kabla ya kura, aliwaendea wale wa meza ya baba yake. Kati ya wanane waliomfuata Bustami, sita walikuwa hai. Alianza na Leman, ambaye sasa mji mzima ulimwita Apa, yaani baba mdogo. Alimkuta uani kwake anaanika pinang, zile popoo za kutafunwa na tambuu.

"Nimekuja kukuuliza jambo, Apa."

"Nilikuwa nikikungoja," alisema mzee. "Wewe ni mtoto wa Manaf. Nilikujua siku ya kwanza. Ukichuja kahawa unauma mdomo kama baba yako alipokuwa anachomea nyaya."

"Na ukanyamaza."

"Kunyamaza nimekuzoea."

Ruwaida aliweka simu juu ya ungo wa pinang. Sauti ya Mak Tiur ikatoka, ya kukwaruza, isiyo na papara: "Fundi wa redio? Yule hakusema kitu. Hata chakula changu alikikataa, alitaka kurudi kwake. Aliyetaja ni mtu wa tumbaku. Alipitia mlango wangu wa jikoni, mara tatu. Bustami. Nilimpa chai, ndiyo maana najua jina."

Leman aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakampitia vidoleni.

"Ulimjua baba tangu utotoni," Ruwaida alisema. "Ungekaa wewe mmoja tu, asingekufa."

"Najua. Usidhani sijui. Sasa unataka nini, mwanangu?"

"Kile mlichomfanyia baba. Nataka mkifanye tena."

Wengine watano aliwaendea siku hiyo na iliyofuata. Mmoja alijifanya kiziwi. Mwingine alisema mambo ya vita yameshazikwa, ya nini kuyafukua.

"Basi nitaipiga sauti hii sokoni siku ya gulio," Ruwaida alimwambia, "na nikimaliza nitasoma majina ya waliobeba glasi. Lako nitaanza nalo."

Yule mtu alimtazama, akaona kwamba hatanii.

Jumatatu mkahawa ulijaa. Bustami alikuwa amealika watu kunywa kwa hesabu yake, na alikuwa katikati ya hadithi ya mtu aliyemuoza binti yake kwa mwizi wa bata, akijichekea mwenyewe kabla ya kufika mwisho, Leman aliposimama. Mzee alichukua glasi yake, akaenda kukaa mezani karibu na mlango. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu.

"Vipi, feni inawapiga baridi?" Bustami aliuliza. "Au nanuka?"

Wa nne, wa tano, wa sita. Na kwa kuwa habari ilikuwa imeshatambaa tangu alfajiri, hata vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa vita walibeba zao. Kulisikika viti tu vikikwaruza sakafu. Tabasamu la Bustami lilibaki usoni baada ya sababu yake kuondoka, likakaa pale kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Ruwaida alitoka nyuma ya meza ya kuchujia akifuta mikono. "Hujawahi kuniuliza jina la baba yangu, Haji. Aliitwa Manaf. Fundi redio."

Bustami alitazama glasi iliyobaki mbele yake.

"Kunywa," Ruwaida alisema. "Itapoa."

Mchana ule Ruwaida alikula sahani mbili za tambi za kukaangwa, yeye ambaye kwa miaka alikula kwa kujilazimisha. Alilala usingizi mzito. Watu wanasema kisasi kikishapatikana hugeuka majivu mdomoni. Kwake hakikugeuka. Kilikuwa kitamu, na alipoamka kilikuwa bado kitamu.

Bustami alijitoa kwenye kura, lakini mkahawani aliendelea kuja. Alikaa peke yake chini ya feni, akanywa, akatoka. Ruwaida aliijua sababu. Mtu wa Blang Mee hana kwingine pa kwenda. Siku ya kumi na tisa Bustami alingoja wanaume waende swala ya adhuhuri, akaikaribia meza ya kuchujia. Alikuwa amekonda shingo.

"Askari walimshika mdogo wangu," alisema. "Walitaka majina. Nikawapa wale vijana, nao wakamwachia. Halafu watu wakaanza kuulizana ni nani aliyesema. Ilibidi apatikane mtu."

"Kwa nini baba yangu?"

Bustami alitazama mikono yake. "Hakuwa na ndugu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Nilipiga hesabu, nikaona hakuna atakayekuja kudai haki yake."

Kopo la kahawa ya moto lilikuwa mkononi mwa Ruwaida, na kwa muda mfupi alijua kabisa atakachokifanya nalo. Akaliweka chini.

"Ulikosea hesabu."

"Nilikosea."

"Kesho asubuhi utayasema haya haya, umesimama, watu wakiwa wamejaa. Usipunguze neno. Na hilo la mtoto wa kiume ulitaje."

Aliyataja. Alisimama kando ya kiti chake, akasema yote kwa sauti iliyokatika mara mbili, na mkahawa mzima ulisikiliza bila hata kijiko kugonga glasi. Familia za wale vijana watatu zilimpeleka mbele ya imamu na wazee, na hilo likawa lao. Ruwaida hakutia mkono. Yeye alichotaka alikuwa amekipata, na alitaka kibaki hivyo: kila asubuhi, mtu yule, meza ile, peke yake. Miezi kumi na mmoja, alijiambia. Kisha nitafikiria.

Haukutimia hata mwezi wa pili. Jumatano moja Leman aliingia, akapokea glasi yake, akapita meza zote, akaketi mbele ya Bustami. Hakumsalimia. Aliketi tu.

Ruwaida alimfuata hapohapo. "Apa, umekosea meza."

"Sijakosea."

"Baada ya yote uliyoyasikia?"

"Nimebeba glasi yangu mara mbili, mwanangu," mzee alisema. "Mara ya kwanza kwa woga. Mara ya pili kwa ajili yako, na ulikuwa na haki. Ya tatu sibebi. Huyu ni mbaya, sikatai. Lakini mimi najua ilivyo kumtazama mtu akinyauka pale, nikijifanya nasoma gazeti. Sitaki kufa nikiwa nimefanya hivyo tena."

"Kwa baba yangu hukukaa."

"Sikukaa."

"Basi nenda ukanywe kwingine."

"Kwingine sina," Leman alisema. "Wala wewe huna."

Ruwaida aliichukua glasi ya mzee ikiwa bado imejaa, akaimwaga kwenye mtaro mbele ya watu. Kesho yake Leman alirudi, hakupewa kahawa, akakaa palepale na meza tupu. Keshokutwa vilevile. Wanaume walimtazama Ruwaida, wakatazama pembeni. Siku ya nne alimchujia, akamwekea glasi kwa mkono mmoja. Ya Bustami aliiacha juu ya meza ya kuchujia mpaka mwenyewe alipoinuka, akavuka ukumbi mzima, akaichukua.

Ikabaki hivyo. Alipoulizwa kama amemsamehe, Ruwaida alisema hapana, tena alisema Bustami akisikia. Mwaka uliofuata Bustami alihamia Banda Aceh kwa binti yake, na hadi siku ya mwisho hakuletewa glasi mezani.

Siku chache kabla ya Ramadhani, mchimba kaburi aliingia mkahawani, akaagiza nusu glasi, akamwambia Ruwaida kwamba Apa Leman na wenzake watano walikuwa makaburini tangu asubuhi. Walikuwa wamefyeka nyasi kwenye kaburi la Manaf, wakaweka mawe mapya kichwani na miguuni, na sasa walikuwa wamekaa pembeni yake kwenye mkeka, wamepeleka birika.

"Wamechelewa," Ruwaida alisema, akaendelea kuchuja.

Yule mtu alipomaliza kunywa, Ruwaida alivua aproni, akamwomba amwangalizie mkahawa kidogo, akachukua glasi moja kutoka kwenye rafu na kushika njia ya makaburini.